Mwenye Redio na Ghala la Bahi

Hakuwa mzungumzaji. Naanza na hilo kwa sababu mtu asiyemjua, akisikia tu kwamba tulimwita Mwenye Redio, hudhani alikuwa mropokaji wa kijiweni. La. Yule mzee angeweza kukaa nawe tangu jua linachomoza mpaka ng'ombe wanarudi, na maneno yote aliyokupa yasijaze kiganja. Maneno alikuwa nayo tele, ila hakuyahesabu kuwa yake. Yalikuwa ya redio ya taifa, na yeye alijiona mtu wa stesheni: kazi yake kuyapokea na kuhakikisha yamefika salama.

Alizaliwa wapi, ukoo gani, babu yake nani, hayo nawaachia wanaopenda kuhesabu makaburi. Mimi nilimkuta Bahi akiwa mzee tayari, mstaafu wa reli, mwenye kofia ya kazini iliyopauka ambayo aliivaa hata akienda mbugani, kwenye bonde la majimaji, kuangalia mpunga wake. Tulikuwa majirani kwa miaka mingi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mitumba inashushwa kwenye treni kwa marobota, na kila aliyekuwa na meza mbele ya nyumba yake alijiita mfanyabiashara. Ndiyo miaka hiyohiyo walipotaka kutunyang'anya ghala, nasi tukawashinda. Hiyo ndiyo habari iliyonikalisha hapa niandike, mimi niliyeacha shule darasa la pili nikaenda kuswaga mbuzi. Lakini huwezi kujua kwa nini tulipigania jengo lenye harufu ya panya kama hujajua kwanza siku ya yule mzee ilivyokwenda. Na siku yake haikwenda kwa jua. Ilikwenda kwa vipindi.

Alfajiri ilikuwa yake peke yake. Ukipita nje ya nyumba yake ukienda kisimani ulisikia ngoma ya kufungulia matangazo, halafu mtangazaji akiwasalimu wananchi wote, halafu mzee akijibu kwa sauti nzito, kana kwamba mgeni yuko mlangoni: "Karibu, tumeamka." Baada ya taarifa ya habari aliifunga redio ndani ya sanduku la bati, akalipiga kufuli, akavaa ufunguo shingoni kwa kamba ya katani, akalibeba sanduku begani kwenda ghalani. Redio yenyewe ilikuwa kubwa, ya mbao, ya kizamani, imepata nyufa, na sauti yake ilikuwa nene. Mawe yake, yaani betri, tuliyaanika kwa zamu juu ya bati yapate nguvu, na ole wake mwenye zamu mvua ikanyesha.

Ghala lilikuwa la ushirika. Ushirika ulikuwa umekufa, ghala likabaki na mizani isiyopima na popo. Mzee aliiomba serikali ya kijiji wakampa, kwa sababu siku hizo hakuna aliyelitaka. Akalifagia, akapanga magogo na viti vya mti, akaweka sanduku juu ya ile mizani. Hilo ndilo lilikuwa darasa langu. Sikuwa na jingine.

Kila kipindi alikitangaza kama treni. "Kilimo inaingia," alisema, na hapo hata mbuzi walionekana kunyamaza. Ukichelewa ukauliza wamesema nini, alikutazama chini ya kofia akajibu, "Imeshaondoka. Panda ya kesho." Hakukuonea huruma, uwe diwani au nani. Siku moja padre alifika kipindi kikiwa kimefika mwisho, akapewa jibu lilelile, naye akakaa akasubiri ya kesho yake kweli.

Sasa sikiliza utaratibu wake, maana ndio uliotufanya watu. Kipindi kikiisha alifunga redio, akanyanyua fimbo, akaielekeza kwa mtu mmoja. "Rudisha." Basi wewe uliyeelekezewa unasimama na kurudisha yote uliyosikia, mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiswahili kama unacho, kwa Kigogo kama huna. Wengine wanasikiliza. Ukiruka jambo, mtu anadakia. Ukiongeza jambo ambalo redio haikusema, hilo ndilo kosa kubwa, unakwenda kuchota maji kwa ajili ya kila aliyekuja. Alikuwa na msemo wake: "Nusu ya habari ni uongo mzima." Wengi wetu, wanawake hasa, Kiswahili tulikuwa tunakisikia kama mtu asikiavyo ngoma ya kijiji cha pili. Kwa ile fimbo kikaingia. Mimi mara ya kwanza nilisimama, nikasema maneno mawili ya kipindi cha afya, nikanyamaza. Akaniambia, "Mama Nyemo, umerudisha maneno mawili. Kesho utarudisha matatu." Hakunicheka, wala hakuruhusu anicheke mtu.

Kwenye kipindi cha kilimo nilisikia habari ya kupanda mpunga kwa mistari, kwa kamba, badala ya kumwaga mbegu kama tunavyolisha kuku. Nikarudisha ghalani, nikaenda nikafanya. Wenzangu wakasimama kwenye matuta wakinicheka. "Mama Nyemo anashona shamba! Umepata sindano wapi?" Nikawaambia waache mavuno yaseme. Mwaka huo mpunga wangu ulisimama kama askari wa gwaride, na waliokuwa wakicheka wakaja kuazima kamba kwangu. Leo nina mashine ya kukoboa, nina pikapu, na mtu akiniuliza nilisomea wapi namwambia ghalani, na simwelezi zaidi.

Mchana palikuwa na matangazo ya vifo. Kipindi hicho mzee alikipokea akiwa amevua kofia. Kulikuwa na kosa ambalo nadhani wasikilizaji wa redio tu ndio walilifanya, na sisi tulilifanya vibaya. Matangazo yale huanza na jina la marehemu. Ndugu zake hutajwa baadaye, mmoja mmoja, popote walipo. Sasa siku moja likatajwa jina, nalo likawa sawasawa na jina la mchinja mbuzi wetu wa sokoni, aliyekuwa amesafiri kwenda Tabora. Mke wake akapiga yowe palepale. Mzee akasimama mlangoni, akatandaza mikono.

"Hakuna kutoka! Marehemu hajafika kwa ndugu zake!"

"Babu, nipishe, mume wangu kafa!"

"Subiri tusikie amefia kwa nani!"

Nani amsikilize? Mama yule akapita chini ya kwapa lake, na nusu ya ghala ikamfuata ikilia. Tuliobaki tukasikia ndugu wakitajwa: wote watu wa Musoma, hatuwajui hata kwa ndoto. Tulipofika kwa mchinja mbuzi kuwaambia, beberu wake mkubwa alikuwa ameshachinjwa na wanaume wamekaa nje wameshika tama. Kesho yake mwenyewe akashuka kwenye treni na gunia lake begani, akakuta matanga.

"Kafa nani?"

"Wewe."

Akatazama ngozi ya beberu ukutani, akatua gunia. "Basi na mimi nipewe sahani, maana nimetoka mbali."

Tangu hapo ikawa sheria ya ghala: hakuna kulia mpaka ndugu watajwe. Na kuna wazee Bahi mpaka leo, ukiwapelekea habari yoyote, wanakuuliza, "Ndugu wameshatajwa?"

Alikuwa na mambo yanayopingana, na sitayaficha kwa sababu tu nampenda. Alihimiza vipindi vya afya kuliko vyote, huku pua yake imejaa ugoro. Aliwapenda wabunge wakibishana hewani, lakini ukimwambia, "Mzee, Dodoma si mbali, twende ukawaone kwa macho," alikataa. "Nifuate nini? Dodoma inakuja hapa yenyewe kila Bunge likikaa." Muziki hakuutaka ghalani hata kidogo, nyimbo zikianza kati ya kipindi na kipindi alizima ili kutunza mawe. Lakini mke wake alituambia kwamba nyumbani, akidhani hakuna anayemwona, huimba nyimbo za jando huku akijinyoa. Alitufundisha sisi wanawake kusimama na kusema, kisha akirudi kwake alikula peke yake akiwa kimya, na mkewe jikoni. Hilo la mwisho likumbukeni. Lilitusaidia.

Kipindi kilichojaza ghala kuliko vyote kilikuwa mchezo wa kuigiza wa jioni. Hapo hata asiyejua Kiswahili alikuja, kwa sababu kulia na kugombana hakuhitaji mkalimani. Ugali ulichelewa Bahi nzima. Bibi mmoja alikuwa akimjibu mwigizaji mwenye tabia mbaya: "Mwongo huyo, msimwamini, jana alisema vingine!" Mzee alikuwa mkali wa kimya wakati wa kipindi, lakini bibi yule alimwachia. Nilipouliza sababu akasema, "Yule anarudisha palepale. Hana haja ya fimbo."

Halafu redio ndogo zikaingia. Zilikuja na wafanyabiashara, za plastiki, rangi zote, za kuning'iniza. Muda si mrefu kila mwanaume wa Bahi alikuwa na yake begani kwa mkanda, kama mgambo na bunduki. Tukafurahi, nani asifurahi? Ila ghalani watu wakaanza kupungua, wanaume hasa. Na hapo ndipo akaja Shabani.

Shabani alikuwa kijana wa hapahapa, kaenda Dar es Salaam, karudi na televisheni, deki ya video na jenereta. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka ghala alifanye ukumbi wa video, alipie kijiji pango. Serikali ya kijiji ikapenda. Mwenyekiti akaitisha mkutano mkuu, wananchi waamue.

Kwa siku kadhaa mzee alikuja ghalani, akatangaza vipindi vyake, akaondoka. Lakini alikuwa anakonda. Mke wake alinieleza kwamba anaamka usiku na kukaa tu. Ndipo nikajua kwamba lile ghala likienda, yule mzee hatabaki. Atabaki na kofia. Nami je? Mimi nitarudi kuwa yule mama wa maneno mawili. Sikusoma popote pengine.

Siku moja kabla ya mkutano alinifuata shambani. Nikamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kesho utasema wewe."

"Mimi? Babu, Kiswahili changu ni cha kuokoteza."

"Kuni zote ni za kuokoteza, na ugali unaiva."

"Kwa nini usiseme mwenyewe? Ghala ulilifungua wewe."

"Nikisema mimi, watasema mzee analilia cheo." Akageuza uso, akatazama mpunga. "Tena wewe unalo jambo ambalo mimi sina."

"Jambo gani?"

"Ningelijua ningelisema." Akaenda zake.

Usiku nikawaza ni jambo gani, nikalala bila kulipata. Nililipata mkutanoni, kwa macho.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Wanaume wamekaa mbele, wanawake nyuma kama kawaida. Mwenyekiti akasimama akasema vizuri, sitamsingizia. Alisema zama zimebadilika, sasa ni soko huria. Zamani redio Bahi ilikuwa moja, ndiyo maana kijiji kikatoa ghala watu wote wasikie. "Leo, ndugu wananchi, kila nyumba ina redio! Hao wanaokwenda ghalani wanafuata nini ambacho hawana nyumbani?" Vijana wakapiga makofi. Shabani naye akasimama, akaahidi taa, akaahidi viti, akasema, "Mmechoka kusikia dunia, nitawaonyesha." Makofi tena. Hata mimi nilitamani kupiga.

Nikamtazama Mwenye Redio. Alikuwa mbele, kofia kichwani. Hakuninyooshea fimbo wala jicho. Basi nikaanza kuangaza huku na huku nikitafuta pa kuanzia, na ndipo nikaziona. Zote. Begani kwa mume wangu, begani kwa shemeji yangu, juu ya goti la fundi baiskeli. Nikanyoosha mkono nikasimama.

"Mwenyekiti, umesema kila nyumba ina redio."

"Ndiyo, Mama Nyemo, nimesema."

"Nami nakubali. Naomba kuuliza tu. Hizo redio za kila nyumba, saa hizi ziko wapi?"

Watu wakaanza kugeuka. Na hapo redio ya fundi baiskeli ikasikika inatangaza mpira taratibu, naye akaikandamiza kwa kiganja kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto kanisani. Nyuma, wanawake wakaanza kucheka.

"Mimi naziona hapa," nikasema. "Kila nyumba ina redio, mwenyekiti, lakini redio haina nyumba! Inalala na mume, inaamka na mume, inakwenda mnadani na mume, inakunywa pombe na mume. Mimi niko jikoni na mwiko, nasikia mtangazaji anaanza 'Ndugu msikilizaji,' kabla sijaitika ameshavuka kizingiti!"

Mume wangu akapiga kelele, "Mama Nyemo, unaniaibisha mbele za watu!"

"Sikuaibishi, Baba Nyemo. Iwashe basi, nami leo niisikie."

Uwanja ukavunjika mbavu. Wanaume wakaanza kuzishusha redio begani na kuzificha miguuni, na kadiri walivyozificha ndivyo tulivyozidi kucheka. Ndipo mke wa Mwenye Redio akasimama kwa mkongojo. Mama wa watu, sijawahi kumsikia akisema mkutanoni maisha yangu yote.

"Semeni yote, msibakize! Hata ile ya ghalani, alfajiri anaisikia peke yake nikiwa kisimani, halafu inafungiwa sandukuni, ufunguo shingoni kwake. Mimi, mke wa Mwenye Redio mwenyewe, ghalani ndiko ninakoisikia, pamoja na nyie!"

Hapo watu walicheka mpaka mtendaji wa kijiji akaangusha kalamu. Nikamtazama mzee. Alivua kofia, akaiweka gotini, akainamisha kichwa. Nikajua sasa ni jambo gani sisi tulikuwa nalo na yeye hakuwa nalo: kufungiwa redio ndani ya nyumba zetu wenyewe. Nami nikajua nisimwache hapo.

"Tunacheka," nikasema, "lakini ghala alilifungua yeye, na mlangoni kwake hakuna aliyeulizwa ni mume au mke. Nyumbani nikisikia jambo, naambiwa nilete maji. Ghalani nikisikia jambo, naambiwa nisimame niseme. Haya ninayoyasema sasa hivi, mnadhani nimeyatoa wapi? Wanaume nanyi, hebu semeni. Huko mnakotembea nazo, kuna anayewauliza mmesikia nini? Mnasikia, linapita. Mchinja mbuzi, wewe uliyekufa ukafufuka, sema."

Mchinja mbuzi akasimama polepole. "Mimi naunga mkono ghala," akasema. "Wangesubiri ndani ya ghala, beberu wangu angekuwa hai."

Mwenyekiti naye akawa anacheka, lakini akajikaza. Akaamuru tuamue kwa kusimama: wa video kulia kwake, wa ghala kushoto. Vijana wakaruka kulia mbio. Nyuma yangu nikasikia kanga zinakung'utwa vumbi. Wanawake wakainuka kwa pamoja, wakapita katikati ya wanaume, wakaenda kushoto, mabibi kwa wasichana, na mke wa Mwenye Redio mbele na mkongojo wake. Shabani akamwona mama yake mzazi katika msafara.

"Mama, hata wewe?"

"Mwanangu, video yako nitakuja kuitazama. Ila leo jioni kuna mchezo, na yule mwongo anakamatwa."

Mchinja mbuzi akaja kwetu. Fundi baiskeli akaja, mpira wake ukiendelea kunong'ona. Wanaume wakaanza kuja mmoja mmoja, wengine kwa aibu, wengine kwa kuwaogopa wake zao, sijali, mguu ni mguu. Mume wangu akabaki amesimama katikati ya uwanja, hajui aende wapi.

"Baba Nyemo," nikamwambia, "hapo katikati ni njia ya ng'ombe."

Akaja kushoto, redio begani. Hapakuwa na haja ya kuhesabu. Mwenyekiti alitazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Ghala limebaki kwa wananchi." Wanawake wakapiga vigelegele, na vilisikika hadi stesheni, maana treni ya mizigo iliyokuwa imesimama pale ilijibu kwa honi. Dereva hakujua kilichotokea. Alifurahi tu kwa sababu sisi tulifurahi.

Mwenye Redio hakupiga kelele. Alingoja kelele zipungue, akavuka uwanja akiwa amevua kofia, akasimama mbele ya mke wake. Akaivua ile kamba ya katani shingoni, kwa shida, maana ilikuwa imekaa pale miaka, akaiweka kwenye kiganja cha mkewe. Yule mama akautazama ufunguo, akamtazama mumewe, akasema, "Na sanduku utabeba wewe." Mzee akasema, "Nitabeba." Na alibeba. Kuanzia kesho yake alfajiri, mtangazaji akitusalimu, ukipita nje ya nyumba ile ulisikia sauti mbili zikiitikia.

Shabani hakushindwa maisha. Alijenga kibanda chake cha video karibu na stesheni, akapata wateja wengi kuliko ambao ghala lingebeba, na mpira mkubwa ukiwapo alikuwa akija kusikiliza kwetu kwa sababu, alisema, kule kwake wanapiga kelele mno. Redio za kibinafsi nazo zikaja, za muziki na vicheko, na watu wakazipenda. Wala hatukugombana nazo. Anayetaka kucheza acheze. Sisi tulikuwa na mahali pa kusema.

Mke wa Mwenye Redio alipofariki, mzee alichukuliwa na binti yao aliyeolewa Mlali, huko Kongwa. Ikapita miaka mingi nisimwone. Halafu nikapata safari ya kwenda upande ule kununua karanga, na pikapu ni yangu, simwombi mtu ruhusa. Nikaenda hadi kwa binti yake. Nikamkuta amekaa kivulini, amekuwa mdogo, macho yana ukungu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hiyo sauti ya Bahi."

"Panda gari, nikupeleke ukalione ghala."

Binti yake alisita, barabara ndefu, baba mzee. Mwenyewe alikuwa ameshasimama. Tulipopita Dodoma mjini nilimwambia, "Ndiyo Dodoma hii." Akageuza uso dirishani kidogo, akasema, "Sawa," akarudi kutazama mbele.

Tulifika Bahi jua limepungua ukali. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka nimwingize kwa heshima, watu wasimame, wapige vigelegele, wajue ni nani aliyewapa pale mahali. Ghala limepigwa chokaa, bati jipya, madirisha mawili tuliyoyatoboa wenyewe. Nikamshika mkono tukaingia. Ndani kumejaa mpaka ukutani; wamekaa wakulima wapya wa mpunga, wachuuzi wa kambare kutoka mbugani, akina mama wa kikundi changu, na wengi ni watu walioingia Bahi baada yake. Kipindi kimeshaanza. Redio ni nyingine, nyeusi, ya umeme. Msichana mmoja alikuwa amesimama karibu nayo, anasubiri kipindi kiishe arudishe.

Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha, wala simjui ametoka wapi, akainua uso akatuona tumesimama mlangoni.

"Mzee," akanong'ona, "unaziba mwanga. Pita nyuma kule. Na kesho uwahi, upate benchi."

Damu ilinipanda. Nikafungua mdomo nimwambie yule mama anazungumza na nani, na hilo ghala alimokaa analifahamu limetoka wapi. Nikahisi kanga yangu inavutwa. Ni mzee. Uso wake sijawahi kuuona vile, hata siku ile ya uwanjani. Alikuwa anacheka bila sauti, meno machache aliyobakiwa nayo yote nje.

"Kaa, Mama Nyemo," akaninong'oneza. "Tumechelewa sisi."

Akatangulia mwenyewe kwa kupapasa ukuta, mpaka nyuma kabisa, akakuta gunia la pumba, akaketi. Kijana aliyekuwa pembeni yake akasogea kumpa nafasi bila hata kugeuka kumtazama, maana alikuwa anasikiliza.